Mlango Mmoja wa Uwakili Haututoshi Lamu

Mwaka 1893 meli moja iliyotoka Bombay ilitia nanga Lamu. Miongoni mwa abiria wake alikuwamo kijana wa Kihindi wa umri wa miaka ishirini na mitatu, mwanasheria, aliyekuwa safarini kwenda Afrika Kusini kwa ajili ya kesi ya mfanyabiashara mmoja. Kijana huyo alishuka pwani kuitazama posta, akawakuta makarani Wahindi wenzake, akazungumza nao. Aliporejea, mkondo wa maji ulikuwa mkali na mashua imesheheni watu, hata ikawa kila inapoikaribia ngazi ya meli husukumwa mbali. Mwishowe alipandishwa melini kwa kamba, na abiria wengine wakaachwa nyuma. Kijana yule ni Mohandas Gandhi, na kisa hicho amekisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake.

Nimekikumbusha kisa hiki kwa sababu ya cheti, si kwa sababu ya bahari. Gandhi hakuwa na shahada ya sheria. Alianza masomo ya chuo huko Bhavnagar akayaacha, akaenda London, akajiunga na Inner Temple, ambacho ni kimojawapo cha vyama vya kale vya mawakili wa Uingereza, akafanya mitihani yake, na mwezi Juni mwaka 1891 akakubaliwa kuwa wakili. Muhammad Ali Jinnah, muasisi wa Pakistan, alipita njia iyo hiyo katika chama cha Lincoln's Inn na kukubaliwa mwaka 1896. Abraham Lincoln wa Marekani alijisomea vitabu vya sheria nyumbani, akapata leseni mwaka 1836. Hakuna kati ya watu hawa watatu ambaye leo angeandikishwa kuwa wakili nchini Kenya kwa elimu ile aliyokuwa nayo.

Msomaji huenda akauliza: yatuhusu nini sisi wa Lamu? Nionavyo mimi, yatuhusu kuliko wananchi wengi wengine. Sisi ni watu wa visiwani ambao kwa miaka kumi na zaidi iliyopita tumejikuta katikati ya mambo makubwa ya kisheria: bandari, makaa ya mawe, ardhi na uvuvi. Wakati huo huo, mlango wa kuingia katika uwakili umebaki mmoja tu, nao uko mbali nasi.

Natutazame kwanza sheria yenyewe inasemaje. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, hakuna ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili mpaka jina la mtu liwe limeandikwa katika orodha ya mawakili na awe na hati ya mwaka ya kufanyia kazi. Ili kuifikia orodha hiyo, njia ya kawaida ni kusoma shahada ya sheria kwa miaka minne, kisha kuingia katika Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen, Nairobi, kufanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na kukaa miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu. Mwenye shahada ya ualimu, ya uhandisi au ya uchumi hana njia ya mkato. Lazima akaitafute shahada ya sheria. Na aliyeishia kidato cha nne, hata akafanya kazi katika ofisi ya wakili miaka thelathini, atazeeka akiwa karani.

Haikuwa hivi tangu zamani. Kabla ya Uhuru, Mkenya aliyetaka uwakili hana budi alivuka bahari, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kujifunzia sheria hapa kwetu. Mwaka 1960 serikali ya Uingereza iliunda kamati chini ya Jaji Denning kuchunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 1961. Mwaka huo huo kitivo cha sheria kikafunguliwa Dar es Salaam, cha kwanza katika Afrika Mashariki. Hapa Kenya, Chuo cha Sheria kilianzishwa mwaka 1963, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwamo wale walioitwa makarani wanagenzi: vijana wasio na shahada, waliofungamana na wakili kwa miaka mitano, wakifanya kazi ofisini mwake na kusoma chuoni, kisha wakaufanya mtihani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua kitivo chake cha sheria mwaka 1970, shahada ikaanza kushika nafasi, na hatimaye mlango ule wa uanagenzi ukafungwa.

Siwalaumu waliokifungua kitivo. Taifa changa lilihitaji wasomi, na shahada ni jambo jema. Lakini yafaa tujiulize kama ilikuwa lazima kufungua mlango mmoja kwa kuufunga mwingine.

Ziko sababu mbili zinazonifanya niulize swali hili nikiwa Lamu.

Sababu ya kwanza ni ukubwa wa mambo yaliyotukabili. Mwezi Machi mwaka 2012 marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia walizindua ujenzi wa bandari ya Lamu, ambayo mpango wake ni gati thelathini na mbili. Gati la kwanza lilifunguliwa mwezi Mei mwaka 2021. Katika muda huo, wakazi walikwenda mahakamani. Katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2012 na Mohamed Ali Baadi na wenzake, jopo la majaji wa Mahakama Kuu lilitoa hukumu mwaka 2018 kwamba haki za wananchi za mazingira safi, za utamaduni na za kupewa habari zilikuwa zimevunjwa, na likaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Kisha likaja suala la mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, wa megawati 1,050. Wakazi chini ya muungano wa Save Lamu waliipinga leseni yake ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Kuamua Kesi za Mazingira likaifuta, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ukiongeza suala la ardhi, ambapo mwaka 2014 Rais aliamuru kufutwa kwa hati za ekari zipatazo 500,000 katika kaunti hii zilizokuwa zimegawiwa makampuni 22, utaona kwamba hapana kaunti nyingi zenye watu wachache hivi zilizobeba kesi kubwa namna hii. Sensa ya mwaka 2019 ilituhesabu watu 143,920 tu.

Kesi hizi zilitupa heshima, wala sisemi vinginevyo. Lakini zilitufunza jambo la pili. Waliojua mikondo ya bahari, mazalio ya samaki na mipaka ya mashamba ni wazee wetu. Waliojua kuyaweka mambo hayo katika hati za kiapo na kuyatetea mbele ya majaji ilibidi watafutwe mbali. Katika kesi ya makaa, kwa mfano, wakazi walisaidiwa na Katiba Institute, taasisi ya Nairobi. Tunaishukuru. Ila kesi kama hizo ni moja katika elfu. Ugomvi wa kiwanja cha mjane, mshahara wa baharia aliyefukuzwa kazi, au mpaka wa shamba la minazi hauna taasisi ya Nairobi ya kuupigania.

Nitatoa mfano nilioushuhudia. Mzee mmoja mvuvi kutoka kisiwa cha Pate alinikuta nimeketi barazani karibu na uwanja wa Mkunguni, akanipa bahasha. "Mwalimu," aliniambia, "nisomea barua hini, wanangu wameisoma wakanyamaa." Ilikuwa barua ya Kiingereza kuhusu shamba alilolirithi, na ilimpa siku thelathini za kuleta pingamizi. Siku hizo zilikuwa zimekwisha kwa wiki mbili. Barua ilikuwa imekaa nyumbani kwa mjukuu ambaye hakujua uzito wake, na mzee alipouliza nauli ya kwenda Malindi au Mombasa kumtafuta wakili, akaona ni afadhali asubiri msimu wa samaki. Nilimpeleka kwa bwana mmoja wa mtaani ambaye alifanya kazi ya ukarani katika afisi ya wakili huko Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini. Bwana huyo aliisoma mara moja, akatueleza jinsi ya kuomba muda uongezwe, na akatuonyesha karatasi gani zitafutwe, moja baada ya moja.

Nilimwuliza kwa nini hakuwa wakili yeye mwenyewe. Akacheka. Akaniambia kwamba vijana aliowafundisha namna ya kuwasilisha kesi mahakamani sasa wana afisi zao, na yeye hawezi hata kutayarisha hati ya kuhamisha kiwanja kwa malipo, maana sheria inamkataza mtu asiye wakili kufanya hivyo. "Mimi najua njia," alisema, "lakini sina ruhusa ya kuipita." Lau bwana huyo angaliajiriwa afisini katikati ya miaka ya sitini, angaliweza kufungamana na mwajiri wake kwa miaka mitano, akafanya mtihani, na leo Lamu ingalikuwa na wakili mzee wa kumkimbilia.

Sababu ya pili ni kwamba hapa Lamu tunaijua njia nyingine ya kumfanya mtu kuwa mwanasheria, na tumeijua kwa karne nyingi. Kijana aliketi mbele ya shehe, akasoma kitabu baada ya kitabu cha fikihi ya madhehebu ya Shafi, akaulizwa, akakosolewa, akarudia, mpaka mwalimu wake aliporidhika na kumpa idhini. Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Saleh, uliwavuta wanafunzi wa namna hiyo kutoka pwani nzima na hata nje yake. Katika wanafunzi wa vyuo vya namna hiyo walipatikana makadhi, na kadhi ni hakimu kamili. Aliamua mirathi, ndoa na talaka, na watu wakatii.

Katiba yetu yenyewe inaikubali njia hiyo. Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 hakisemi kwamba kadhi lazima awe na shahada. Kinataka awe Mwislamu, na awe na ujuzi wa sheria ya Kiislamu ambao kwa maoni ya Tume ya Huduma za Mahakama unamstahilisha kuendesha mahakama ya kadhi. Ni kweli kwamba siku hizi Tume huwatazamia waombaji wawe na shahada ya sheria ya Kiislamu. Lakini Katiba haikuweka sharti hilo. Neno lililoandikwa ni ujuzi. Basi ikiwa taifa linaweza kumwamini mtu ahukumu kwa sababu ya ujuzi uliopimwa, kwa nini lisiweze kumwamini mwingine atetee kwa sababu iyo hiyo?

Na hili la ujuzi unaopatikana kwa kukaa na fundi si geni kwetu katika kazi nyingine. Majahazi ya Matondoni hayakuundwa na wenye vyeti. Milango ya nakshi ambayo kwayo, pamoja na mengine, mji wetu wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ilichongwa na watu waliojifunza kwa kushika patasi pembeni mwa mwalimu. Wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Anayevukuta hujifunza kusana, ilimradi aachwe aushike nyundo siku yake itakapofika.

Najua watakaonipinga, na hoja yao si ya kudharauliwa. Watasema kwamba nchi hii tayari imejaa matapeli. Mwaka 2023 Wakenya walishikwa na mshangao kijana mmoja aliposhitakiwa kwa kujifanya wakili, na wako walioshangilia badala ya kuona hatari iliyomo. Mtu anayemkabidhi mwenzake uhuru wake, watoto wake au shamba lake ana haki ya kujua kwamba aliyemkabidhi amefunzwa na kupimwa. Wakili asiyejua sheria ni kama nahodha asiyeijua mikondo ya Mkanda: hazami peke yake.

Hoja hiyo naikubali yote, na ndiyo maana siombi mlango uachwe wazi usiku kucha. Sisemi shahada ifutwe, wala sisemi mtihani ulegezwe. Nasema jambo moja: tofautisheni kipimo na njia. Kipimo ni mtihani wa mwisho, uadilifu na uzoefu chini ya wakili mkubwa. Hicho kiwe kimoja kwa wote, na kiwe kigumu. Njia ya kukifikia, hiyo ndiyo isiyo lazima iwe moja. Tapeli ni mtu aliyekwepa kipimo. Mwanagenzi aliyefungamana kwa miaka mitano, akaandikishwa, akasimamiwa na kutahiniwa hakukwepa kitu.

Wala hili si jaribio la Lamu peke yake. Uingereza, tuliyoiga sheria zake, inaruhusu mwenye shahada ya somo lolote kuwa wakili akipita mitihani mipya iliyoanza mwaka 2021 na kutimiza miaka miwili ya kazi. Na tangu mwaka 2016 kijana aliyemaliza shule anaweza kuingia kwa uanagenzi wa miaka kadhaa huku akilipwa mshahara. Nchini Marekani, majimbo ya California, Vermont, Virginia na Washington bado yanamruhusu mtu kujifunza sheria ofisini mwa wakili au jaji bila kupita chuo cha sheria, na kisha kufanya mtihani ule ule wanaofanya wengine. Wanaofaulu kwa njia hiyo ni wachache, nami silifichi hilo. Lakini uchache wao unaonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi yake.

Basi nini kifanyike? Naona mambo matatu.

Kwanza, tuitumie sheria tuliyo nayo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, yaani watu waliopata mafunzo na kibali cha kuwasaidia wananchi chini ya usimamizi wa wakili au shirika lililoidhinishwa. Katiba nayo, katika kifungu cha 22, inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani haki zake zikivunjwa, na inataka taratibu zisiwe za kumfunga mikono. Serikali ya kaunti yetu na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria zishirikiane ili kila kisiwa kiwe na msaidizi mmoja aliyefunzwa, anayesoma Kiingereza cha barua na kukieleza kwa Kiswahili cha watu. Yule mzee wa Pate hakuhitaji wakili siku ile ya kwanza. Alihitaji mtu wa kumwambia kwamba siku zinahesabika.

Pili, Bunge na Baraza la Elimu ya Sheria waurudishe mlango wa uanagenzi wa miaka mitano uliokuwapo mwaka 1963, hasa kwa ajili ya makarani wa mahakama, makarani wa mawakili na wasaidizi wa kisheria wenye uzoefu mrefu. Waandikishwe, wasimamiwe, na mwishoni wakae katika ukumbi mmoja wa mtihani na wenye shahada.

Tatu, iwekwe kozi fupi ya kuvukia kwa wenye shahada nyingine. Wako vijana wetu waliorudi na shahada za sharia kutoka vyuo vya nchi za Kiarabu. Wanajua namna ya kuzipima dalili, kufasiri andiko na kupatanisha hoja mbili. Wakikosa nafasi ya ukadhi, hurejea kufundisha madrasa au kuuza maduka ya jamaa zao. Mwaka mmoja au miwili ya sheria za Kenya ungewafanya mawakili wanaoweza kusimama mbele ya kadhi na mbele ya jaji pia.

Chama cha Mawakili kitaogopa kwamba mkate utapungua. Nakiambia kwa heshima: katika mkate wa Nairobi, huenda. Lakini huku kwetu kuna watu wenye njaa ya haki ambao hakuna wakili aliyewahi kubisha hodi mlangoni pao. Kazi ipo; wa kuifanya ndio hawapo. Na kijana aliyelelewa Faza, Kizingitini au Siyu, akapata uwakili kwa kufanya kazi huku huku, yumkini zaidi abaki huku kuliko yule aliyekaa Nairobi miaka sita na kuzoea taa zake.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hii hunukuliwa sana mahakamani na mabarazani, lakini husahauliwa kwamba haki haimfikii mnyonge yenyewe. Lazima awepo mtu wa kuishika mkono na kuivusha. Nilikwenda tena juzi kumwona yule bwana karani. Nilimkuta kibarazani amezungukwa na watu wanne, kila mmoja na bahasha yake, naye akiwaambia kama kawaida kwamba yeye si wakili. Wabunge wetu wapite hapo siku moja, wakae, wasikilize, kisha warudi Nairobi wakatuambie kama bado wanaona mlango mmoja watosha.